Jicho la Shija na Gari Lililogoma Kuwaka

Kabula,

Umeenda kanisani kuagana na wanakwaya wenzako, na mama yako amenipa muda mpaka utakaporudi. Yuko uani anachambua dagaa, amenipa mgongo makusudi. Mchana aliniambia hivi: "Baba Kabula, huyu mtoto haendi Musoma kukaa na Shija bila kujua. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi, na mimi nikimwambia sitakupunguzia." Namjua mama yako, hapunguzi. Basi nimechukua daftari la gereji, nimechana kurasa za katikati, naandika, maana kwa mdomo nimeshindwa miaka ishirini.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Una miaka ishirini na tatu na unafungua injini vizuri kuliko mafundi wengi wa Nyakato. Habari za wanaume nazo mama yako ameshakuambia mpaka ukamkimbia. Mimi nataka kukuambia jinsi jicho la kushoto la mjomba wako lilivyopotea. Uliambiwa jeki iliteleza. Jeki haikuteleza, Kabula. Ni mimi.

Sasa umeshajua. Kaa chini, yaliyobaki nitayaeleza kama ninavyoeleza gari, kwa sababu sijui namna nyingine ya kueleza jambo likaeleweka.

Gari lenyewe lilikuwa kipanya, basi dogo la dizeli, chakavu, injini iko chini ya viti vya mbele. Viti vya nyuma tulivitoa, ikabaki sakafu tupu ya kubebea kayabo, sangara wa chumvi, kutoka mwaloni, pale soko la samaki kando ya ziwa, kwenda kwa wanunuzi wa Nyakato waliokuwa wanapakia kwenda Kongo. Kayabo unamjua. Hata akikauka anatoa maji, na yale maji ya chumvi yanapita kwenye matundu ya sakafu yanadondokea chini ya gari, yanakula chuma taratibu. Tuligawana siku na mjomba wako: tatu zangu, tatu zake, Jumapili gari linapumzika. Shija ndiye aliyezaliwa mara tu baada ya mapacha, mama yako na mama yako mkubwa Kulwa, na wao walimlea kama yai. Alikuja kwetu Mabatini akiwa na miaka ishirini na tano. Nilimfundisha kuendesha mwenyewe, na alikuwa mtaratibu mno hata akawa ananikera.

Mimi sikuwa mtaratibu. Hilo jina la Nyundo ambalo wazee wa gereji wananiitia, wewe umekuwa ukidhani ni sifa ya ufundi. Lilitokana na hasira. Stata ikigoma, naigonga nyundo. Boneti isipofunguka, naigonga. Mwaloni nilimvunja meno mpakiaji mmoja kwa sababu aliweka tenga juu ya tenga langu, nikarudi nyumbani nikala ugali vizuri kabisa. Na usitafute sababu kwa babu yako, babu yako alikuwa mpole, hajawahi kuninyooshea hata fimbo ya kufukuzia kuku. Ile hasira niliifuga mwenyewe. Watu walinipisha njiani nikaona ndiyo heshima.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa mlimani, kule ambako kichochoro kinapanda kati ya majabali mpaka unahema. Sisi wenye magari chakavu wa pale tulikuwa na desturi moja. Unaegesha pua ikitazama chini. Asubuhi stata ikileta nyodo unaachia breki, gari linaserereka, unaingiza gia ya pili, linawaka, unaondoka zako. Hakuna aliyetengeneza stata wala betri kule juu, mteremko ndio ulikuwa fundi wetu. Nikilaza gari mimi, pua chini, asubuhi hata mteremko sikuuhitaji. Nikigusa ufunguo tu, linawaka.

Shija hakuegesha hivyo. Kugeuza pua kulitaka upande mpaka juu, urudi nyuma kwenye kona, na jioni kona ile ilikuwa imejaa watoto wanacheza. Aliogopa kugonga mtoto wa watu. Kwa hiyo alipanda tu, akaacha pua juu, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akaja kula. Asubuhi yake nikikaa kwenye usukani, stata inazunguka vizuri, kwa nguvu, na injini haishiki. Nazungusha, nazungusha, moshi hautoki hata kidogo, mpaka betri inaanza kukata roho. Halafu ghafla linakohoa moshi mweupe, linatetemeka, linawaka. Na likishawaka, siku nzima halina neno.

Nikajumlisha. Nikililaza mimi, linawaka. Akililaza Shija, linagoma. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa, mwanangu, sikukosea hata siku moja. Jibu nililolitoa ndilo lilikuwa la mwendawazimu. Niliamua kwamba Shija ananyonya dizeli na kujazia mafuta ya taa. Amechakachua. Nikaanza kumnusa mikono akipita, na kweli ilikuwa inanuka mafuta ya taa. Dereva gani wa gari bovu hanuki mafuta ya taa? Hata mimi nilikuwa nayanawia grisi. Lakini pua yangu ilishajua inachotafuta.

Mama yako nilimwambia. Akasema, "Shija hawezi. Muulize." Nikamjibu kwamba mwizi haulizwi. Hilo neno nalikumbuka kila nikimwona mama yako anacheka na pengo lake, na nitakueleza pengo hilo lilitoka wapi, kwa sababu napo tulikudanganya.

Asubuhi ile mzigo ulikuwa unanisubiri mwaloni na gari lilikuwa limelala pua juu. Nikazungusha mpaka betri ikafa. Majirani wakaanza kutoka na miswaki yao kutazama. Mmoja akaniuliza, "Nyundo, leo huligongi?" Wakacheka. Nikainua kiti nitazame injini, na chini ya kiti, nyuma ya spana, nikakuta kipande cha mpira kipya, urefu wa mkono, kimeviringishwa kwenye gazeti. Mpira wa kunyonyea mafuta, nikasema moyoni. Nimemkamata. Nisikufiche, nilifurahi. Nilipouona ule mpira nilifurahi, kwa sababu sasa nilikuwa na haki ya kupiga.

Shija akatoka ndani ana kaniki kiunoni, macho ya usingizi. "Shikamoo, shemeji. Limegoma tena?" Akauona mpira mkononi mwangu, akatabasamu. Alitabasamu, Kabula. Akasema, "Eh, huo mpira nilitaka kukuambia jana, shemeji, ni wa..."

Sikumwacha amalize. Nilikuwa na spana ya matairi mkono wa kulia, nikampiga nayo mkono alioinua, na mfupa ukalia. Akakaa chini. Hakupiga kelele, alikaa tu kama mtu aliyechoka, ameushika mkono. "Shemeji, nisikilize. Ni wa gari." Nikampiga teke la kifua. Nikampiga la pili. Alikuwa anasema neno lile lile, ni wa gari, ni wa gari, na mimi nilisikia kila neno na halikunizuia. Halafu nikafanya lililo baya kuliko spana. Nikainua kichwa, nikawatazama wale walionicheka, nikapaza sauti: "Mwizi!"

Wewe umekulia Mabatini, unajua neno hilo linafanya nini. Hakuna aliyeuliza ameiba nini. Watu waliokuwa wanapiga mswaki waliokota mawe. Waliteremka kutoka juu na wengine wakapanda kutoka chini, kichochoro kikajaa, na mjomba wako alikuwa katikati, amejikunja, mkono mmoja umevunjika, mwingine amefunika kichwa. Walimpiga kwa mbao. Walimpiga kwa mnyororo wa baiskeli. Kijana aliyekuwa anakula kwetu kila Jumapili alimrukia mgongoni kwa miguu miwili. Nikaona jiwe linatoka, sikumwona aliyelirusha, nikaona likitua usoni, na damu ya jicho, mwanangu, siyo kama damu nyingine. Mtu mmoja akaja anaburuta tairi. Mwingine nyuma yake ameshika dumu.

Utaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa pale pale. Hasira ilikuwa imeshaniishia, imetoka yote, na nilisimama na spana yangu nikiwatazama wanamaliza kazi niliyoianzisha. Ningeweza kusema, "Acheni, ni shemeji yangu." Maneno manne tu. Niliogopa wakiniona nimesema uongo watanigeukia mimi. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine nzuri zaidi.

Aliyefika ni mama yako. Alipita katikati yao na kanga moja, akamlalia mdogo wake, amemfunika mwili mzima. Walimpiga na yeye kabla hawajajua ni nani. Mbao ilimpata mdomoni, meno mawili yakatoka hapo hapo. Hakutoka juu yake. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, damu inamtiririka kidevuni, "Huyu ni mdogo wangu. Chomeni wote wawili." Mama Ester, yule wa maandazi, akamtambua, akaja akakaa chini pembeni yao. Ndipo wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wanakwenda kazini. Aliyeleta tairi alilirudisha akilibingirisha. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, umesimama mlangoni na kikombe chako cha uji, na hukulia. Ulinitazama mimi.

Hospitali walilitoa jicho. Mkono ulipona umepinda, ndivyo unavyouona. Polisi walipomuuliza, Shija alisema hakuwatambua waliompiga. Nilikuwa nimesimama mlangoni na machungwa kwenye mfuko. Nikamwambia, "Pole, Shija," kama unavyomwambia mtu aliyejikwaa barabarani. Akasema, "Asante, shemeji." Nikaweka machungwa nikaondoka.

Sasa sikia. Niliendelea kuliendesha lile gari na kila nikirudi naegesha pua chini, na kila asubuhi linawaka. Nikawaambia watu, mnaona? Mwizi hayupo, gari limepona. Nilikuwa natembea kifua mbele. Halafu wiki ya pili nikarudi jioni nikakuta mtu amemwaga lori zima la mawe ya kujengea pale kwenye kona. Hakuna pa kugeuzia. Nikaegesha pua juu, nikaweka jiwe nyuma ya tairi, nikaingia ndani, ufunguo mfukoni. Asubuhi gari likagoma. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki, moshi hautoki.

Nilikaa kwenye kiti kile, sikuzungusha tena. Hakuna mtu aliyeligusa. Shija alikuwa wodini na bandeji kichwani. Nani kaninyonyea leo?

Nikainua kiti. Kuna kile kipampu cha mkono juu ya filta ya dizeli, unakijua. Nikakibonyeza, kikazama bila kushikilia kitu. Hakikuwa na dizeli, kilikuwa na hewa. Nikabonyeza mara nyingi mpaka kikawa kigumu chini ya kiganja, nikarudi kwenye ufunguo, likawaka mara moja. Nikalizima. Nikalala chini ya gari kwenye matope ya kayabo, nikafuata bomba la mafuta kwa vidole kutoka kwenye tenki kuja mbele, na pale ambapo maji ya chumvi yanadondokea siku zote, bomba lilikuwa limeoza. Katundu kadogo, hata sindano ya kushonea ni nene. Gari likilala pua chini, tenki linakuwa juu, dizeli inabaki imejaa, inavuja tone moja moja ambalo sikuliona kwa sababu pale chini palikuwa pamelowa siku zote na maji ya samaki. Likilala pua juu, hewa inaingia kwenye katundu, na dizeli yote inarudi tenkini polepole usiku kucha.

Ule mpira ulikuwa bado chini ya kiti. Nilikata kipande cha bomba kilichooza, nikauchukua mpira wa Shija niuunge hapo. Nilidhani nitaupunguza. Haukuhitaji kupunguzwa. Ulienea sawasawa, kwa sababu alikuwa ameshalala chini ya gari akapima. Shija alikuwa ameupata ugonjwa kabla yangu, akanunua dawa yake, akasubiri asubuhi anionyeshe, maana hakutaka kukata bomba la gari langu bila ruhusa yangu. Nilifunga ule mpira nikabaki nimelala hapo hapo chini ya gari.

Mama yako nilimwambia siku hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Ungemuuliza ingekuchukua muda gani?"

Kwa hiyo, Kabula, hilo gari unaloondoka nalo kesho limeanza kuzunguka sana asubuhi kabla ya kushika. Nimelisikia wiki nzima, nimenyamaza, najua na wewe umelisikia. Usiligonge. Sikiliza kwanza stata: ikizunguka kwa uvivu, tazama vichwa vya betri na waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, hasa ethi, chumvi inaipenda. Ikizunguka vizuri, nenda nyuma ukatazame ekzosi wakati mwenzio anazungusha. Hakuna moshi kabisa, basi dizeli haifiki, tafuta hewa, bonyeza kipampu. Kuna moshi mweupe unaochoma macho, basi dizeli inafika ila haiungui, pima plagi za kupashia moto moja moja, usibadilishe zote kwa kubahatisha. Haya unayajua. Usilolijua ni kwamba kabla ya hayo yote kuna maswali, na maswali unamuuliza mtu. Lililala wapi? Lilitazama wapi? Nani alilizima, na aliona nini? Aliyekuwa nalo mara ya mwisho ndiye anayejua zaidi yako, na ukimwendea umekunja ngumi atakuficha, au atajaribu kukuambia na wewe hutasikia.

Nakuambia haya kwa sababu ya Enock. Ulidhani sikuona. Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara nikinunua vocha, nikakuona unampiga fundi mwenzako na spana sikioni kwa sababu alifunga filta vibaya na akabisha. Damu ikamtoka. Na ulikuwa sahihi, ile filta kweli aliifunga vibaya, nilikuja kuitazama baadaye. Hilo ndilo linalonitisha. Ungekuwa umekosea ungeona aibu. Uliondoka pale unapangusa spana kwa kitambaa, umetulia, na niliutambua ule utulivu, ni wangu. Jioni yake wazee wa gereji walikuita Nyundo Mdogo na wewe ukacheka. Nilitaka kuja kuwanyamazisha nikaacha, kwa sababu ningewaambia nini?

Shija alipiga simu wiki iliyopita kusema chumba chako kiko tayari. Tukaongea habari za dagaa, habari za barabara. Mwisho akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Shemeji, mimi sijawahi kumwambia, na sitamwambia. Nataka aendelee kukupenda. Lakini atakuwa anakaa upande wangu wa kushoto kwenye gari, na kila siku nitakuwa nageuza kichwa kizima ili nimwone." Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningelala.

Miaka yote hii nimempelekea matairi, nimempelekea injini nzima, nimesimamia harusi yake. Neno lenyewe sijalitamka. Nimesema pole. Nisamehe sijasema, hata mara moja, si kwake wala kwa mama yako. Nilianza kuandika hapa kwamba ukifika umwambie baba anaomba msamaha. Nimeufuta huo mstari, utauona umekwanguliwa. Huo ni mzigo wangu, siwezi kuupakia kwenye gari lako.

Nimefunga begi. Kesho usukani ni wako, mimi nitakaa kiti cha pembeni mpaka Musoma. Ukishasoma haya ukaona huwezi kupumua ndani ya gari moja na mimi, washa uondoke, sitakuita wala sitakulaumu. Nitakwenda stendi nipande basi. Lakini nitafika. Nitapiga hodi kwa Shija na nitasema mbele yako nilichokifanya, chote, na spana na lile neno, na kusimama kwangu.

Na akiinua mkono kunipiga, Kabula, usimshike.

Baba yako